Gauni Lilimkaa Sawasawa

Jua la asubuhi liliingia kwa dirisha la mashariki, na kabla halijagusa kitu kingine chochote ndani ya nyumba, lilimgusa mama mikono. Nyuzi zikaelea. Unga wa chaki ukaelea. Vumbi lote la vitambaa likasimama hewani kama watu waliosikia wakiitwa. Na katikati ya mwanga huo, mguu kwenye pedali ya cherehani, alikaa mama yangu, bibi yako, na gauni lilimkaa sawasawa.

Nakuandikia wewe, mwanangu, unayelala chumba cha pili. Nikikuambia kwa mdomo utanicheka, utaniita mama wasiwasi, utatoka nje na simu sikioni. Basi soma. Karatasi huwezi kuikatiza.

Hukumkuta. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Pini mdomoni, futi shingoni, chaki nyuma ya sikio. Alishona sare za shule, alishona mapazia, alishona suruali za wanaume waliotaka waonekane warefu. Wanawake walikuja kupimwa wakiwa wamebana matumbo na pumzi, naye akawagonga kidogo kiunoni kwa kidole, pini zingali mdomoni.

"Achia tumbo, dada. Achia nilione."

"Si ndilo hilo, fundi?"

"Hilo la kupigia picha. Mimi nataka la nyumbani."

Wakacheka, wakaachia, naye akaandika ukweli wao kwenye daftari.

Baba yangu alikuwa fundi rangi. Alishinda juu ya ngazi, akipaka kuta za nyumba za watu, na jioni alirudi na madoa yao kwenye nyusi. Kila asubuhi, kabla hajabeba ndoo zake, alimfungia mama zipu mgongoni. "Geuka, Fundi," anamwambia. Mama anageuka. Zipu inapanda, na vile vidole vyenye rangi isiyotoka vinasimama kidogo pale shingoni, pale zipu inapoishia. Nilikua nikidhani zipu zote duniani hufungwa hivyo, polepole, na mtu anayekupenda.

Sisi watoto alitushonea nguo zenye pindo pana, vidole vinne vya kitambaa vimekunjwa chini ya kila sketi. "Hii ya mwakani," anasema, anakunja. "Na hii ya mwaka ule mwingine." Tukarefuka, akafumua. Tukarefuka tena, akafumua tena. Chini ya sketi yangu ya shule ungeiona mistari iliyofifia ya pindo za zamani, mmoja baada ya mwingine, kila mstari umri wangu.

Sisi alituachia nafasi. Yeye alijipunguza.

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo nataka usimame.

Mwaka wake wa mwisho ulianza na chai. Aliiacha nusu, akasema ni joto. Akaacha wali, akasema ni jino. Jirani yetu muuza maziwa akamwambia uso umepauka, akasema ni poda mpya, akampaka na yeye kidogo shavuni, wakacheka wote wawili. Baba alimtazama mezani, kijiko kimesimama.

"Mke wangu, mbona kama unapungua?"

"Nipungue niende wapi? Tazama gauni."

Tukatazama gauni. Lilimkaa sawasawa.

Niliona mishipa ya shingo yake, nikatazama gauni, gauni likanijibu. Niliona pete inazunguka kidoleni, nikatazama gauni, gauni likanijibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilimwamini mtu aliyenijibu haraka.

Kumbe adhuhuri, mimi nikifungasha sabuni kiwandani, wadogo zangu wakiwa shuleni, baba juu ya ngazi yake, mama alifunga mlango. Alivua gauni. Aligeuza ndani nje, akalipitisha chini ya sindano, kidole kimoja ubavu wa kulia, kidole kimoja ubavu wa kushoto. Akalivaa. Akafungua mlango. Karibu, dada. Achia tumbo, nilione.

Alitaka kwanza wadogo zangu wamalize mitihani. Alitaka kwanza sare za shule nzima ziishe. Kwanza hili, kwanza lile, na ugonjwa nao tumboni ulikuwa na kwanza yake.

Alianguka mchana kweupe, mguu bado kwenye pedali, sindano ikaenda yenyewe mishono mitatu mbele kisha ikasimama. Hospitalini daktari hakutulaumu. Alikuwa mzee mpole, alivua miwani, akauliza tu, "Hamkuona anavyokwisha?"

Baba akamjibu kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Nguo zilimtosha, daktari."

Wiki tatu. Hizo ndizo tulizopewa.

Mwezi mmoja baada ya kumzika nilitaka kulivaa lile gauni lake la kila siku, la bluu, lenye kola nyeupe. Nilitaka harufu yake tu, nilitaka linipwaye, nipotee ndani yake. Mimi waliniita Kijiti, mwanangu. Kijiti, kwa wembamba. Nikaliingiza kichwani, na gauni la mama yangu, mwanamke mpana, likakwama kifuani mwangu. Halikushuka.

Nikalivua. Nikaligeuza.

Mshono ndani ya mshono. Saba ubavu huu, saba ubavu huu, imenyooka kama mistari ya daftari, uzi wa bluu ileile, hakuna palipopinda. Hakuwahi kumshonea mteja yeyote mishono mizuri kama ile. Kama alitetemeka, mkono haukuonyesha. Kama alilia, kitambaa kilikauka.

Baba alinikuta nimekaa chini. Akalichukua gauni, akapitisha kidole gumba juu ya ile mistari, mmoja, mmoja, mpaka wa saba.

"Zipu nilimfungia mimi," akasema. "Kila asubuhi. Na ilipanda vilevile."

Kisha, akiligeuza gauni upande wa zipu: "Nilikuwa hapo nyuma yake tu. Angegeuka tu aseme."

Nampenda mama yangu. Nataka ulijue hilo kabla sijasema hili jingine: alikosea. Siku ya mazishi watu walimsifu, wakasema mama jasiri, hakumsumbua mtu. Nilikataa siku ile kimoyomoyo, na leo nakataa kwa wino. Kusumbuliwa naye ilikuwa haki yetu! Kumpikia uji akaukataa, kumbeba, kumfulia, kugombana naye kuhusu dawa, kulala vibaya kwenye kiti cha hospitali, hiyo ilikuwa kazi yetu, na alitunyima, akaifanya peke yake adhuhuri, mlango umefungwa, kwa ufundi mkubwa. Miaka mingapi imepita na bado namlilia huku nimemnunia.

Sasa nakuja kwako.

Juzi nilifagia chini ya cherehani, ileile yake, ambayo mkono wako umeirithi na wangu haukuweza. Nikaokota nyuzi za kijani. Huna kazi ya kijani mwezi huu. Una mapazia meupe na suti ya bwana harusi. Nikaenda kwenye kamba ya kuanikia, nikaishika sketi yako ya kijani, na nikasimama nayo kitambo, nikiogopa kuigeuza. Kisha nikaigeuza.

Miwili ubavu huu. Miwili ubavu huu. Imenyooka.

Nani alikufundisha? Mimi sikukufundisha. Hiyo haifundishwi, mwanangu, hiyo inasubiri ndani ya mikono.

Jana mezani nilikuuliza kama mzaha, "Wewe, umekonda?"

"Mama nawe! Sketi si inanikaa?"

Inakukaa. Inakukaa sawasawa, na ndiyo maana nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua, na mvua haikuwepo.

Sijui una nini. Labda ni uchovu. Labda ni mawazo ya yule kijana asiyepiga simu, na kama ni yeye nitacheka mpaka majirani waje. Labda ni kitu kidogo cha kidonge kimoja na maji. Lakini hizi labda nimeshazila nyingi katika nyumba hii, nimeshiba. Sitaki labda. Nataka daktari.

Kwa hiyo sikiliza. Sitakupigia kelele. Sitalia, nimelia nusu ya maisha yangu na haikumfumua mtu. Kesho saa moja asubuhi utanikuta mlangoni nimevaa viatu. Sketi yako nimeiweka juu ya cherehani, na wembe wa kufumulia juu ya sketi. Fumua. Fumua yote minne. Nenda kwa daktari na mwili wako, usiende na ufundi wako. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, lakini nikasirikie njiani, tukiwa tunakwenda.

Na kama hutafumua, nitakaa hapo mlangoni kesho, na keshokutwa, na siku itakayofuata, wateja wako wataniruka ndipo waingie. Nimekwishaamua. Mama yako ni mwoga wa mambo mengi, anaogopa radi, anaogopa gesi, anaogopa mbwa wadogo. Kwa hili haogopi kitu.

*

Naongeza haya nikiwa kwenye benchi la korido ya hospitali, karatasi juu ya goti. Asubuhi hii, pale mlangoni, umenirudishia barua mkononi, macho mekundu, ukasema, "Mama, mwandiko wako kama kuku amekanyaga chaki." Kisha ukasema polepole, ukitazama viatu vyangu, "Ni miezi miwili sasa. Chakula hakikai." Nilikukamata mkono tukatoka, na sijauachia mpaka hapa.

Muuguzi ameita anayefuata. Ni wewe.

Umesimama, na sketi uliyoifumua imeteremka mpaka nyongani. Vidole vyako vimekimbilia ubavuni, vimekunja kitambaa, vimeanza kupima.

"Iache," nimekuambia.

"Itaanguka, Mama."

"Ikianguka nitaiokota mimi. Twende."

Umecheka, kidogo, puani. Umeuondoa mkono. Umeanza kutembea kuelekea ule mlango ulio wazi, na kitambaa kinapwaya, kinayumba, kinasema kila kitu kwa kila mtu. Jua limeingia kwa dirisha la mwisho wa korido. Kati ya kiuno chako na sketi kuna nafasi ya vidole viwili, mwanga umejaa humo, na muuguzi ameinua macho kutoka kwenye faili lake, ameiona.