Maji ya Baraka kwa Mashini za Noémie

Ole wako ukimwona Abbé Séraphin anakuja na ndoo! Kamina nzima inajua: padri huyu akibariki nyumba, mwenye nyumba anapiga deki mpaka jioni. Na leo alikuja chuoni kubariki mashini.

Noémie, fundi wa kompyuta wa chuo, aliikazia macho ndoo hiyo. Kompyuta hizo kuukuu zilifika kwa treni kutoka Lubumbashi, naye ndiye aliyeziunganisha kwa nyaya, mwaka mzima, mpaka zikawa zinapiga hesabu pamoja kama kichwa kimoja. Tangu Jumapili zilikuwa zinatafuta maji ya mto Lualaba yatafika wapi, upande wa Mulongo, mvua ikishika. Ukizizima, kazi yote inapotea. Na vifuniko vilikuwa vimevuliwa kwa sababu ya joto. Zikirushiwa maji, kwisha habari.

Akamsogelea rekta, mkuu wa chuo, akamnong'oneza: "Monsieur le Recteur, maji na courant ya umeme haipatane. Abbé abariki ku mulango tu, tafadhali."

Rekta akakunja uso. "Weye, mutoto wa pasta wa Méthodiste, njo utakatalia abbé maji? Bantu batasema nini? Nyamaza, niko na bageni."

Hapo ndipo palipouma. Baba yake, Pasta Manassé, alikuwa amekaa mstari wa mbele, Biblia magotini. Mkatoliki angemwambia abbé apunguze maji, watu wangecheka tu. Akisema Noémie, ni vita vya makanisa.

Abbé akachovya tawi lake ndooni, akalizungusha, akaliinua juu. Mama wee! Noémie hakufikiri tena. Aliruka mbele ya mashini, akapiga magoti, akatandaza kitenge chake cha juu kwa mikono miwili.

"Abbé, bariki miye kwanza! Hii mikono njo ilijenga hii mashini!"

Watu wakaguna. Abbé, masikini, akafurahi kupita kiasi: Mprotestanti anapiga magoti! Akammwagia bila uchoyo, tena na tena, mpaka ndoo ikabaki tupu. Nyuma ya kitenge feni za mashini ziliendelea kuvuma.

Noémie aliinuka akichuruzika maji. Aliogopa kumtazama baba yake, maana hakuwahi kumwaibisha mbele ya watu. Pasta akaja polepole. Akavua koti lake la ibada, akamtupia mabegani.

"Panguza mikono vizuri, mwana wangu," akasema, "kabla ya kugusa ile mashini."