Yaa Pokuaa na Mtoto wa Ijumaa

Hivi wewe, ukiwa na haja moja tu moyoni, na ulimi ni wako, hukuuazima kwa jirani, utakaa nayo siku ngapi bila kuitamka?

Yaa Pokuaa, muuza ndizi za kuchoma wa Effiduase, alikaa nayo miaka kumi na mmoja, tangu mwanawe Ofosu, fundi cherehani, apate mtoto wa kwanza. Huyo alikuwa wa kiume, akapewa jina la marehemu babu yake. Hapo Pokuaa hakuwa na neno. Wa pili akaja wa kike. Pokuaa akashona gauni jeupe, akaketi mstari wa mbele kabisa, na mtoto akaitwa Dufie, jina la mama mzazi wa Serwaa, mkewe Ofosu. Sasa Dufie ana miaka sita, na kwa kuwa amebeba jina la bibi yake, Serwaa hathubutu kumwita hivihivi. Humwita Mama. "Mama, tafadhali, shuka mezani." "Mama, toa kidole puani." Pokuaa akisikia hayo hupepea mkaa wake kwa nguvu mpaka ndizi zinaungua upande mmoja.

Mimba hii ya tatu ilikuwa ya mwisho. Serwaa alishatangaza: "Huyu akitoka, duka limefungwa."

Pokuaa hakuomba. Jina la mtoto hutolewa na baba yake, na mama mtu mzima haendi kwa mwanawe kuliomba kama anaomba chumvi. Basi akaweka matumaini yake kwenye siku, maana kwao kila mtoto hupata kwanza jina la siku aliyozaliwa. Yeye alizaliwa Alhamisi, ndiyo maana ni Yaa. Mtoto naye akija Alhamisi, atakuwa Yaa, wapende wasipende. Na nani atamtazama Yaa mdogo asimkumbuke Yaa mkubwa? Jina la pili litajileta lenyewe.

Siku zilipotimia, Alhamisi asubuhi, alimfuata mkazamwana wake.

"Twende tukatembee, mwanangu."

"Mama, sokoni tumeshakwenda mara mbili."

"Tumesahau bamia."

Wakaenda kuchukua bamia, wakarudi kwa njia ya kilimani. Mchana akampikia mchuzi wa chikichi, wenye pilipili ya kumtoa mpangaji asiyetaka kuhama. Serwaa akala, akalamba vidole, akajilaza ubavu, akakoroma mpaka magharibi.

Mtoto alikuja Ijumaa, saa mbili asubuhi, bila haraka, kama mtu aliyekunywa chai kwanza. Wa kike.

"Afua huyo!" wakunga wakashangilia, maana Ijumaa kwa mtoto wa kike ni Afua, haihitaji kikao.

Pokuaa akampokea, akamnong'oneza sikioni: "Ungetangulia jana, ungepungukiwa nini?"

Wiki nzima ikawa wimbo huohuo. Akimwogesha: "Ijumaa! Alhamisi ilikuwa na kasoro gani?" Akimpaka mafuta: "Na bamia zote zile!"

"Mama," Ofosu akacheka, "mimi mbona nilikuja Jumamosi ukanipokea?"

"Wewe ulikuwa na kichwa kikubwa. Nilifurahi kwamba umetoka, basi."

Jumatano alimsikia Ofosu kwenye simu, akizungumza na shangazi yake Boatemaa, aliyemlea na kumfundisha ushonaji huko Kumasi. "Shangazi, Ijumaa usikose. Safari hii una lako." Pokuaa hakuhitaji mfasiri: jina limeshapata mwenyewe. Akaenda uani akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamenya ndizi ambazo hakuna aliyezihitaji.

Siku ya nane, siku ya kumpa mtoto jina, ikafika. Umande haujakauka, watu wamejaa uani na mavazi yao meupe. Boatemaa alikaa mbele, kilemba kimesimama kama jogoo. Mzee Bediako, kaka wa marehemu mumewe Pokuaa, akampakata mtoto. Mkononi glasi ya maji, chini glasi ya pombe kali. Akachovya kidole, akamdondoshea mtoto ulimini.

"Afua, ukisema maji, yawe maji."

Mara tatu. Kisha akachovya kwenye pombe.

"Afua, ukisema pombe, iwe pombe."

Mtoto akakunja uso kama kizee aliyepunjwa sokoni. Watu wakaangua kicheko. Pokuaa hakucheka. Mtoto wa siku nane anafundishwa kuita kitu kwa jina lake, na yeye, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, wiki nzima anasema Alhamisi, Alhamisi, na wala haja yake si Alhamisi.

"Haya, baba mtoto," akasema Mzee Bediako, "tupe jina."

Ofosu akakohoa, akamgeukia shangazi yake.

"Ngojeni," akasema Pokuaa. Alikuwa ameshasimama.

"Shemeji, kuna kosa?"

"Hakuna kosa, shemeji."

Ofosu akashika kiuno. "Mama jamani! Ni ile Alhamisi yako tena? Mtoto ni wa Ijumaa. Hatuwezi kumwita Yaa, hata tukikupenda vipi. Watu watasema hatujui kalenda."

Uani wakacheka tena, Boatemaa mpaka kilemba kikalegea.

"Yaa nani kakuomba?" akajibu Pokuaa. "Siku hugawa Mungu, nami nimeshagombana naye vya kutosha. Ofosu, mwanangu, mimi ninalotaka ni Pokuaa. Nataka mtoto huyu aitwe Pokuaa, na wewe uwe unamwita Mama."