Tumepima, Tuko Safi

"Mlipima kabla ya kuoana?" daktari aliuliza.

"Tulipima," fundi cherehani akajibu upesi, tena kwa maringo kidogo, maana wangapi wanaoana kiholela tu. "Wote wawili. Tuko safi."

"Mlipima nini?"

Swali gani tena hilo, jamani! Fundi akamkodolea macho yule daktari kijana, kalamu mbili mfukoni, kana kwamba ameulizwa maji ni nini. Ukisema kiwanja kimepimwa, unataja kiwanja. Ukisema nguo imepimwa, unataja nguo. Lakini ukisema mtu amepima, ukanyamaza hapohapo, kila mwenye masikio anajua amepima nini, na hakuna anayetaka ulitaje jina. Walikwenda wakiwa wachumba, wakatobolewa vidole, wakakaa kwenye benchi roho mkononi, wakaambiwa hawana virusi. Walitoka wanacheka hadi barabarani.

"Virusi," akasema, sauti imeshuka.

"Hicho ni kipimo kingine, mama. Mimi nauliza habari ya selimundu. Siko seli."

Daktari akaweka karatasi mbili mezani, moja yake, moja ya mumewe. Damu walitolewa wiki iliyopita, kwa sababu binti yao wa kwanza anao ugonjwa huo, ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza umetokea wapi, na sasa fundi alikuwa na mimba ya miezi minne. Karatasi zote mbili zilisema neno moja: mbebaji.

"Mimi nabeba mimba, mume wangu anabeba vyuma," fundi akajaribu kutania. "Tumebeba nini tena?"

Daktari hakucheka. Alieleza polepole. Kila mmoja wao ana nusu ya ugonjwa ndani ya damu, na nusu haimuumizi mwenyewe. Mtoto akichukua nusu ya baba na nusu ya mama, basi anaumwa. Kila mimba ni karata zinazochanganywa upya, na katika nne, moja ni mbaya. Binti wa kwanza aliangukiwa na ile mbaya. Huyu wa tumboni hajulikani, ila anaweza kujulikana: sindano ndefu, maji kidogo kutoka kwenye mfuko wa mtoto, majibu baada ya wiki mbili.

"Na yakiwa mabaya?"

"Uamuzi ni wako na mumeo. Sisi hatumlazimishi mtu. Mkiendelea, tunamwanzishia mtoto dawa mapema, kabla hajaanza kuumia."

Mapema! Neno hilo lilimchoma kuliko sindano yenyewe. Binti yao waligundua anaumwa akiwa na miaka miwili, vidole vimeshavimba mara sita, na mara zote sita wakaambiwa ni homa.

Binti huyo, miaka saba, nyumba nzima ilimwita Kasuku. Mwembamba, macho ya manjano, mdomo haufungi. Ukisema neno mbele yake, kesho utalikuta kwa jirani. Akiwa mzima alishinda chini ya cherehani ya mama yake, tepu ya kupimia shingoni, akiwapima wateja magoti. Maumivu yakimshika, maneno yaliisha, kikabaki kilio. Hapo ndipo ulijua hali ni mbaya.

Baba Kasuku alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyembeba mgongoni kwenda hospitali kila mara, na ndiye aliyemshika miguu asijirushe kitandani. Fundi alipomweleza habari ya sindano, alisukuma miwani yake ya kazi juu ya paji la uso.

"Kapimwe," akasema. "Akiwa kama Kasuku, hatumleti. Siwezi kusikia kilio kile mara mbili. Nimemaliza kusema, na nisiulizwe tena."

Siku ya tatu akaja mama mkwe. Hakupiga hodi. Alisogeza marobota ya vitambaa vya sare za shule, akakaa, akafungua mtandio wake.

"Mwanangu ameniambia. Sasa mbona mnashangaa? Mimi si nilikuuliza?"

"Uliniuliza nini, mama?"

"Siku ya kwanza ulipoletwa kwangu. Nilikuvuta pembeni, pale mlangoni, nikakuuliza: mmepima? Ukanijibu kwa mdomo wako: tumepima, mama, tuko safi. Nikashukuru Mungu, nikalala usingizi."

Fundi akaliachia gurudumu la cherehani. Mambo mengine yanafika kichwani yakiwa yamechelewa miaka minane.

"Kwa hiyo ulijua?"

Mama mkwe akaangalia dirishani. "Kabla ya mumeo nilizaa wawili. Mmoja alikufa na miaka minne, mwingine sita. Vidole vilevile, macho yaleyale. Mumeo nilimwambia walikufa kwa homa."

"Ukaniuliza mmepima, ukaishia hapo? Hukusema hata mmepima nini?"

"Ningesemaje, mkwe wangu? Ningeutaja, ungeolewa na mwanangu?"

"Ningechagua!" Fundi alipiga kelele hadi wateja wawili mlangoni wakarudi nyuma. "Ningechagua mwenyewe, mama! Wewe uliuliza lako, mimi nikajibu langu, na anayelipa ni mtoto!"

Mama mkwe akajifunga mtandio wake. Hakuomba radhi. Alisema tu, huku akisimama, kwamba safari hii wapime kweli, na ikiwa mbaya, wamalize mapema na watu wasijue. Fundi alimchukia siku ile, tena waziwazi. Akamchukia na mumewe kidogo, ingawa mumewe hakujua lolote.

Sindano alichomwa Jumanne. Majibu yalipotoka ilikuwa pia siku ya kliniki ya Kasuku, kwa hiyo walikwenda wawili. Mume alikuwa na geti la kumalizia. Kasuku akaachwa kwenye benchi la nje, na ndani daktari akafungua bahasha, akaisoma mara mbili, akavuta kiti karibu.

"Anao, mama. Sawasawa na dada yake. Pole sana. Una muda wa kuamua, lakini si mrefu."

Fundi hakulia. Alikunja karatasi ikawa ndogo, ndogo zaidi, akaitia chini kabisa ya mkoba, akatoka.

Njiani Kasuku alikuwa anaruka mistari ya lami, tepu shingoni.

"Mama, mtoto wamempima nini? Kifua au urefu?"

"Damu."

"Amefika ngapi?"

"Damu haina ngapi."

Kasuku akaruka mstari mwingine, kisha akasema kwa sauti ya baba yake kabisa, nzito, yenye kukwaruza:

"Akiwa kama Kasuku, hatumleti." Akamtazama mama yake juu. "Kama mimi vipi, mama?"

Fundi akasimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli akamtukana, akapita.

"Msemaji kama wewe," akasema mwishowe. "Mmoja ananitosha kwa kelele."

"Basi mleteni," Kasuku akasema. "Nitamfundisha kunyamaza."

Nyumbani walikuwa wanasubiri. Mama mkwe mlangoni, kama siku ile ya kwanza, mkono kiunoni. Mume nyuma yake. Geti alikuwa ameliacha, mikono bado myeusi. Alikuwa amekonda wiki hizo mbili kama aliyeumwa yeye.

"Haya, mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Mmepima?"

Fundi alimtazama. Alimtazama mumewe, mtu aliyembeba Kasuku mgongoni miaka yote hiyo. Alijua kwamba mwakani vidole vitavimba, na mtu huyu atamtazama kwa macho ambayo hajawahi kumtazama nayo, na atakuwa na haki. Alijua dawa atakwenda kuzichukua mwenyewe, tangu wiki za mwanzo, akisema ni za Kasuku. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Kasuku.

"Tumepima, mama," akasema. "Tuko safi."

Mama mkwe akapiga kigelegele. Mume akachuchumaa pale chini, akafunika uso kwa mikono myeusi, akalia kwa furaha mbele ya mama yake na mtoto wake, bila aibu.

Hakuna aliyeuliza safi ya nini.