Lango la Pili Kwa Mzee Nicanor

Siku ile Magunga nzima ilikuwa na mtandao, ila mtandao wenyewe haukuwa ukienda popote.

Phanice ndiye aliyekuwa fundi wake. Alikuwa amefunga visanduku kumi na vinne vya kurushia mtandao juu ya mapaa, kila kimoja kikipokeza kingine, mpaka kufikia kile cha dukani kwa Kultum. Hicho ndicho kilichokuwa lango, njia pekee ya kutoka kwenda duniani. Saa kumi kamili jopo la Migori lingempigia kwa video kumhoji kuhusu kazi ya kusimamia mtandao kama huo kule Kehancha, na sharti lao lilikuwa moja: wampate kupitia mtandao wake mwenyewe. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu, na hakupatikana.

"Waifai imejaa mpaka juu," Kultum alisema, akimwonyesha simu. "Lakini hata picha ya mbuzi ninayemuuza haifunguki."

"Anti, mbuzi asubiri."

Alichomeka waya wa lango kwenye kompyuta ya duka, kurasa zikafunguka bila shida. Kumbe lango lilikuwa zima. Akauchomoa, akauchomeka tena, akakaa, akasimama, akatafuna ukucha wa kidole gumba ambao haukuwa na kosa lolote. Mwishowe akafungua orodha ya njia kwenye simu yake. Visanduku kumi na viwili vilikuwa vimelipa duka kisogo. Vyote vilielekea kwa marehemu Mzee Nicanor, aliyekuwa akizikwa siku hiyo.

"Matangani?" Kultum alishangaa.

"Kuna mtu amefungua lango la pili huko. Linajitangaza kuwa lina njia ya kutokea, na njia haipo. Magunga yote inaingia kwa marehemu na haitoki."

"Innalillahi!"

Waya wa lango hilo haungeng'olewa kwa simu. Phanice akakimbia.

Chini ya mahema walikuwa waombolezaji kama mia nne, na nyuma ya kamera alisimama Jeff, mpiga video, uso umemnyooka kama wa askofu. Alikuwa amekuja na modemu yake ili jamaa wa ng'ambo wafuatilie mazishi, kisha kwa ukarimu akaichomeka kwenye kisanduku cha Mzee ili waombolezaji nao wafaidi. Wakafaidi kwelikweli.

"Jeff, bando lako liliisha lini?" Phanice alinong'ona.

"Saa saba."

"Na bado unarekodi?"

"Siz, hii familia imenilipa mpaka kaburini."

"Chomoa modemu!"

"Iko chini ya meza ya jeneza. Pita wewe."

Akapita, ameinama kwa adabu. Hapo ndipo alipokosea, kwa maana katika matanga ya kwao, anayesogea mbele amekuja kuongea. MC Willis alimshika mkono kwa heshima kubwa, akamkabidhi maikrofoni.

"Jitambulishe, nyathina, mwanangu. Na uwasalimie watu wetu wa ng'ambo."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu.

"Naitwa Phanice. Mzee ndiye wa kwanza kuniruhusu nipande paa lake. Alinishikia ngazi mwenyewe, huku akinitukana kila bati lilipolia." Watu wakacheka. "Lakini wa ng'ambo siwezi kuwasalimia. Hawatuoni. Tangu saa saba hawatuoni."

Mkwe wa tano, ambaye alikuwa amelia kwa Kiingereza kwa ajili ya jamaa wa London, alimgeukia Jeff polepole.

Phanice alijitosa chini ya kitambaa cha meza, akang'oa waya. Kimoja baada ya kingine visanduku vikakumbuka duka la Kultum, na simu za waombolezaji zikaanza kulia kwa pamoja. Katikati ya makelele hayo ikalia yake. Saa kumi na dakika kumi.

"Ni Ryoba, Migori. Tumekupigia mara sita, tulikuwa karibu kumwita mwingine. Uko wapi?"

"Chini ya jeneza, bwana."

Nje, Willis alinguruma, "Watu wetu, nyamazeni! Chini ya marehemu kuna mtu anahojiwa kazi!"

Phanice alieleza habari ya lango la pili bila kupumua.

"Hitilafu uliigundua mapema," Ryoba alisema. "Mbona kuitoa kukachukua nusu saa?"

"Nilipewa maikrofoni."

Ryoba aliwatazama wenzake, ambao Phanice hakuweza kuwaona. Akaandika kitu, akakikata, akaandika tena.

"Kehancha nako huwa wanazika," alisema hatimaye. "Kazi unaanza Jumatatu, saa mbili asubuhi. Uje tayari kupanda mapaa."