Mkufu wa Bibi Domitila

Hapa Cobán, milimani Guatemala, mvua hainyeshi, inaelea. Manyunyu hukaa hewani wiki nzima, huingia dukani bila hodi, na mchana tunawasha taa kama tuko ndotoni. Mimi hushona kando ya kaunta. Mume wangu, Leopoldo, hununua na kuuza vitu vya fedha: sarafu za zamani, vijiko, mabirika, sinia. Nimeona watu wengi wakiingia na vijiko vya harusi na kutoka na nauli ya hospitali.

Leopoldo ana ugonjwa mmoja. Akiona sarafu yenye tundu, hapati usingizi. Wanawake wa huku tangu enzi za mababu hutoboa sarafu wakatunga mkufu wa bibi harusi, lakini wanunuzi wa mji mkuu hawataki tundu. Kwao hiyo ni fedha ya kuyeyusha tu. Basi Leopoldo huziba tundu kwa kipande cha fedha, akalehemu, akasugua mpaka jicho lisione kitu. Hamfichi mnunuzi. Anajisifu hata kwa padri.

Siku hiyo aliingia Rosaura Xol, mwanamke wa mji jirani wa Chamelco, shali yake imelowa. Alikuwa amemketisha mama yake, Bibi Domitila, kwenye benchi nje ya mlango. Bibi yule haoni.

"Karibisha mama ndani, mvua hiyo," nikasema.

"Amekataa, mama. Anasema atasikilizia hapohapo."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Baba yao alipougua, kaka yake alikuja kuuza hapa mkufu wa sarafu ambao Bibi aliusikia shingoni mwa mama yake tangu utotoni, kisha akaurithi. Baba alikufa vilevile. Sasa Marleny, binti yake Rosaura, anaolewa Jumamosi, na ni bibi ndiye wa kumvisha mjukuu mkufu na kumbariki. Walimpelekea mkufu mwingine wa sokoni. Bibi aliutikisa mara moja tu, akaurudisha. "Huyu simjui," alisema, akageukia ukutani.

"Bila baraka yake Marleny hatoki nyumbani," Rosaura akasema. "Binti mwenyewe ameapa."

Uso wa Leopoldo ukang'aa. "Una bahati, dada! Sijauza hata moja!" Akaleta sinia iliyofunikwa kitambaa, akaifunua kwa madaha. "Na tazama. Nimeziponya zote."

Rosaura akachukua sarafu moja. Akapitisha kidole ukingoni, akaizungusha, akarudia. Akachukua nyingine. Nikaweka sindano chini.

"Tundu liko wapi?"

"Halipo! Ndiyo kazi yangu hiyo."

Akaigonga kwenye marumaru ya kaunta, jinsi wanunuzi wanavyopima fedha. Ikatoa mlio mfupi, mkavu, kama kijiko cha mti. Nje, Bibi hakugeuza hata shingo.

"Zimekuwa bubu," Rosaura akasema.

"Sarafu yenye kiraka hailii vizuri, ni kweli," Leopoldo akajibu, sasa akipapasa sharubu. "Lakini kwa macho..."

"Mama yangu hana macho, Don Leopoldo. Zitoboe."

"Nizitoboe! Dada, unajua nimekesha mara ngapi? Nikizitoboa zinakuwa takataka!"

Hapo uzalendo ukanishinda. "Leopoldo! Ulinioa mimi au ulioa sarafu? Zitoboe, halafu umuuzie kwa uzito, kama vijiko."

"Hasara hiyo, Eulalia."

"Umeizoea. Chukua kekee."

Akanung'unika, akachukua kekee. Kiraka kimoja kikadondoka, kisha kingine. Unga wa fedha ulimwagika mikononi mwake, ukabaki juu ya vinyweleo vya vidole vyake, na mvua nje iliendelea kuelea. Mume wangu alikuwa akibomoa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Nilimpenda sana saa ile, na sikumwambia, maana angeongeza bei. Nilizitunga sarafu kwa uzi wangu mwekundu, moja baada ya nyingine, zikaanza kusemezana mapajani mwangu.

Rosaura akauvaa mkufu ili aone kama uzi utastahimili. Akatembea taratibu kuelekea mlangoni.

Bibi Domitila akainua uso.

"Mama?" akaita, kwa sauti nyembamba ya mtoto. "Mama, ni wewe? Mbona umekawia hivi?"

Rosaura akasimama kizingitini. Alinigeukia, labda nimwambie la kujibu, lakini mimi nilikuwa nikilia. Leopoldo alikuwa ameshika kekee kifuani kama mtu aliyevua kofia kanisani.

Rosaura akapiga magoti kwenye maji, mbele ya mama yake mzazi, akauchukua mkono ule mkavu na kuuweka juu ya sarafu.

"Nimerudi, mwanangu," akasema. "Inuka, twende tukamvishe bibi harusi."