Bata wa Kitovu cha Umuro

Kiangazi cha mwaka wa themanini na nne kilimaliza ngamia wote wa Halake kule Sericho. Mzee akahamia mtaa wa Kiwanjani mjini, nyumba ya tatu kutoka kwa mwanawe Bule, akiwa na fimbo tu mkononi. Jirani yake Kinanu, mke wa mwalimu, alimwonea huruma akampa vifaranga wawili wa bata bukini. Wazee wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu: Mborana na ndege! Halake aliwaacha wacheke. Kila asubuhi aliwaswaga bata wake hadi kwenye majani ya kando ya mto, akawachunga kwa heshima zote.

Bata walipokuwa wamekua, mke wa Bule alijifungua mtoto wa kiume, Umuro. Sasa, kwa Waborana mtoto hupewa handhura, mnyama wa kitovu chake, na uzao wote wa mnyama huyo huwa mali ya mtoto. Lazima awe jike. Dume hazai, na nani anataka kumfungulia mtoto maisha kwa utasa? Bule hakuwa na ndama, wala babake. Lakini bata walikuwepo.

Kuchagua hakukumpa Halake taabu. Mtu aliyetambua ngamia jike kwa unyayo mchangani atashindwa na bata? Alimchukua yule mrefu wa shingo, mwenye madaha na sauti nyembamba, kwa kuwa ngamia jike mzuri husifiwa shingo. Akamtolea mjukuu mbele ya watu, dua ikasomwa. Yule mwingine, mfupi wa shingo na mwenye sauti ya kukwaruza, akamwita dume.

Wiki mbili baadaye Kinanu alipita mtoni akawaona.

"Mzee Halake, nani alikuambia hii ndefu ni jike?"

"Macho yangu."

"Macho yako ni ya ngamia, mzee. Kwa bata bukini, sauti nyembamba ni ya baba. Ile nzito ndio ya mama."

Halake akabisha. Kinanu hakubishana naye. Alimkamata yule mrefu, akampindua magotini, akabonyeza taratibu chini ya mkia. Kilichochomoza hakikuhitaji mkalimani.

Handhura iliyokwisha kutamkwa hairudishwi. Siku tatu, kila mzee aliposikia mtoto akilia aliona ni yeye anayelaumiwa. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, aliona heri aibu kuliko kuficha. Akamkuta Bule mlangoni akimbembeleza mtoto.

"Bule, nimemharibia mtoto wako. Nilimpa dume."

Bule alimpigapiga mtoto mgongoni.

"Baba, mimi ulinipa nini?"

"Ndama jike, mwekundu. Hakuna aliyekuwa na ndama kama yule."

"Alizaa?"

"Alizaa mara saba."

"Wako wapi?"

Halake akatazama chini. "Si unajua? Walikufa wote, yeye na watoto wake."

"Wote, Baba. Na mimi si niko hapa? Si nimepata huyu?"

Pumzi ambayo Halake alikuwa ameibana siku nne ikamtoka yote kwa pamoja, akaketi kizingitini akacheka huku machozi yakimtiririka ndevuni. Alhamdulillahi, akasema, kisha akarudia tena. Alikuwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia la chumvi.

Alipopangusa uso aliinuka, akaenda kwake, akarudi na yule bata mwenye sauti ya kukwaruza kwapani.

"Huyu ndiye jike, Kinanu ameapa. Naye ni wa Umuro."

"Sasa wewe, Baba, utabaki na nini?"

"Na kazi," Halake akasema. "Umuro bado mdogo. Nani atamchungia?"