Dole Gumba la Okello

Kwa miaka kumi na saba kiwanda cha soli pale Thika kilikuwa na daktari mmoja tu, naye ni Okello. Chuo hakuwahi kukikanyaga. Lakini soli ya mpira ilipotoka kwenye kalibu ingali moto, yeye ndiye aliyeitwa aibonyeze kwa dole gumba la kulia, lile lililokatwa ncha na rola ya kukandia mpira mwaka wa themanini na nne. Alama ikifutika papo hapo, mpira umeiva. Ikibaki, umeharibika, na mpira ulioharibika haurekebishiki. Unatupwa jalalani nyuma ya ua. Neno lake lilikuwa la mwisho. Hata meneja, Bwana Kagwe, alimwita Daktari.

Halafu mwaka wa tisini na sita akaja Nadira. Msichana wa Ruiru, miaka ishirini na minne, cheti cha politekniki mkononi, na kiofisi alichopewa kabla hata hajajua choo kiko wapi. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha punje za plastiki, kuzichanganya na mpira uleule wa Okello, na kutoa kitu kinachonyumbuka kama mpira lakini kinamiminwa kama plastiki. Okello alikitupia jicho mara moja akaamua ni uchafu. Plastiki ni ya ndoo na mabakuli, alisema kantini, na akalisema tena na tena mpaka watu wakaanza kuhama meza yake.

Wivu wenyewe ulimshika Jumatatu moja, kwa jambo dogo tu. Kagwe aliingia akiita, "Daktari, kuja uone hii." Okello akafuta mikono, akamwendea. Kagwe akampita kama nguzo, akaenda kwa Nadira. Tangu siku hiyo chai ya saa nne akawa anaiacha nusu kikombe. Alimchukia msichana kwa koti lake jeupe, kwa sauti yake ya upole, na kwa jinsi alivyomwamkia "Shikamoo, Mzee" kila asubuhi kana kwamba hakuna alichomnyang'anya.

Alhamisi wanunuzi wa viatu wangetoka Nairobi kuja kuziona soli mpya. Zikiwapendeza, rola za Okello zingeng'olewa, naye awe chini ya Nadira. Hilo lilijulikana mpaka kwa askari wa langoni.

Siku ilipofika, Nadira alijaza kalibu ya soli sita, akafungulia maji ya kuipoza, kisha akaitwa akawapokee wageni. Wengine wote walikuwa kantini. Akamwomba Okello amwangalizie, isifunguliwe kabla hajarudi. Yeye Okello, wa kuangalizia! Alingoja mlango ufungwe, akafunga maji na kuifungua kalibu ikifuka moshi. Mpira wake yeye hutolewa moto na hauna neno. Hizi zilijikunja mezani kama maganda ya ndizi juani. Furaha aliyoisikia ilimtisha kidogo. Akazibonyeza moja baada ya nyingine, mkono ukienda wenyewe kama siku zote, kisha akarudi kwenye rola zake kungoja kilio.

Nadira akarudi, akaziona mezani. Hakulia. Alizikatakata kwa kisu, akazitia kwenye krasha ya kusagia, na zile chenga akazirudisha kwenye mashine ya kuyeyushia. Wageni walipomaliza chai ofisini, soli zilizonyooka zilikuwa mezani zikiwangoja. Okello hakuzihesabu, angezihesabu angeona ziko tano. Aliona tu wageni wakizikunja, wakiziachia, wakimpa Nadira mkono. Miaka yote hiyo yeye alikuwa akizika makosa jalalani, na huyu anayeyusha lake na kuanza upya. Alimwonea wivu mpaka meno yakamuuma.

Mchana, wageni walipokwisha kuondoka, Nadira alimfuata kwenye rola akiwa na soli moja iliyojikunja.

"Zile zingine nimezisaga, Mzee," alisema polepole. "Hii nimekuwekea."

Katikati ya soli palikuwa na alama ya dole gumba fupi, lisilo na ncha. Mpira wa Okello ungeifuta alama hiyo kabla hajainua mkono. Huu ulikuwa umepoa nayo.

"Kagwe ameiona?"

"Hajaiona. Na krasha bado inazunguka."

Hapo ndipo wivu ulipomuuma kweli. Alitamani msichana amtukane, amshtaki, afanye lolote ambalo yeye mwenyewe angelifanya. Hata kwa kusamehe, msichana alikuwa amemshinda. Okello akaichukua ile soli, akaitumbukiza kwenye krasha, akasimama akiisikiliza ikitafunwa.

"Zinapoa kwa dakika ngapi?" akauliza bila kumtazama.

"Sita."

Nadira akajaza kalibu nyingine na kufungulia maji. Okello alisimama kando yake, dole gumba amelifungia ndani ya ngumi. Akahesabu dakika zote sita kwa saa ya ukutani. Zilipokwisha hakuigusa kalibu. Alingoja Nadira amwambie afungue.